Kabla ya Kuongeza Walezi, Tuajiri Mratibu

Mtoto aliyeahidiwa mlezi, akaonana naye mara mbili tatu, kisha asimwone tena, habaki pale alipokuwa kabla ya ahadi. Anarudi nyuma zaidi. Keshawasimulia wenzake darasani kwamba ana dada wa chuo anayekuja kumwona kila Jumamosi. Keshaoga, kavaa nguo ya kutokea, kakaa kibarazani anasubiri. Dada asipokuja, mtoto hatafuti sababu kwenye ratiba ya mitihani ya chuo wala kwenye bei ya nauli. Anaitafuta kwake mwenyewe: pengine nilisema neno baya, pengine nyumba yetu haikumpendeza.

Naanza na hili kwa sababu mipango ya walezi wa kujitolea, au mamenta kama vijana wenyewe wanavyowaita, inapendwa sana siku hizi, na huzungumzwa kana kwamba ikishindwa, hasara yake ni kutoleta faida tu. Inaweza kuleta madhara. Mwaka 2002 watafiti wawili wa Marekani, Jean Grossman na Jean Rhodes, walichambua taarifa za vijana zaidi ya elfu moja wa mpango wa Big Brothers Big Sisters, unaomkutanisha mtoto mmoja na mtu mzima mmoja wa kujitolea. Waliokaa na mlezi mwaka mzima au zaidi ndio walionufaika kwa mambo mengi. Muda ulivyopungua, faida nayo ilipungua. Na wale ambao uhusiano wao ulivunjika ndani ya miezi 3 ya mwanzo walishuka katika kujithamini na katika kujiamini kimasomo, wakashuka kuliko wenzao ambao hawakupewa mlezi kabisa.

Tukumbuke kwamba mpango ule haukuwa wa majaribio. Chimbuko lake ni New York mwaka 1904, pale karani wa mahakama ya watoto, Ernest Coulter, alipochoka kuona wavulana wakipita mbele ya hakimu mmoja baada ya mwingine, akawaomba watu wazima wa mji ule kila mmoja achukue mvulana mmoja wa kumfanya rafiki. Karibu miaka mia baadaye, ukiwa na wafanyakazi wa kulipwa wanaofuatilia kila jozi ya mtoto na mlezi wake, bado zilikuwapo jozi zilizovunjika mapema. Sasa tujiulize hali ikoje kwetu, kwenye taasisi yenye chumba kimoja cha ofisi Temeke au Kisauni, ambako hakuna mtu hata mmoja ambaye kazi yake hasa ni kufuatilia jozi hizo.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Taasisi nyingi za hisani zinaelekeza nguvu zao zote katika kutafuta walezi na kuorodhesha watoto, na kazi ya kuushikilia uhusiano baada ya siku ya utambulisho zinamwachia yeyote mwenye nafasi. Mimi naona mpangilio uwe kinyume. Mratibu wa kulipwa kwanza, mwenye mkataba na muda wa kutosha. Walezi baadaye, tena kwa idadi anayoweza kuibeba huyo mratibu, hata kama ni ndogo kiasi cha kutia aibu kwenye ripoti.

Najua kwa nini haifanyiki hivyo. Fomu za wafadhili huuliza wanufaika wangapi wamefikiwa. Haziulizi wangapi walikuwa bado na mlezi yuleyule baada ya miezi kumi na miwili. Mshahara wa mratibu unaandikwa kwenye bajeti chini ya gharama za uendeshaji, na kila anayetaka bajeti ionekane safi huanza kukata pale. Fulana zinabaki, bango linabaki, chakula cha siku ya uzinduzi kinabaki, mgeni rasmi anaalikwa. Mratibu anakuwa kijana aliyemaliza chuo, anajitolea naye, anapewa nauli na vocha ya simu huku akisubiri ajira. Ajira ikija anaondoka, kama ambavyo yeyote angeondoka, na namba za simu za walezi, majina ya wazazi, na habari ya nani ana tatizo gani nyumbani vinaondoka naye, kwa sababu vyote vilikuwa kwenye simu yake na kichwani mwake.

Hapa nisieleweke vibaya. Simlaumu kijana huyo. Nalaumu uamuzi wa kuiweka kazi nzito kuliko zote mikononi mwa mtu ambaye tunajua tangu mwanzo kwamba hatakaa.

Na uzito wenyewe unahesabika. Shirika la Marekani liitwalo MENTOR, ambalo hutoa miongozo inayotumiwa na mipango mingi ya aina hii, liliweka katika toleo lake la mwaka 2015 kwamba mfanyakazi awasiliane na mlezi na mtoto mara mbili katika mwezi wa kwanza, na baada ya hapo angalau mara moja kila mwezi. Tuchukue kiwango hicho cha chini. Mratibu mwenye jozi 50 ana mazungumzo na mlezi, na mtoto, na mzazi. Hayo ni mazungumzo 150 kwa mwezi. Mwezi una siku za kazi kama 22, kwa hiyo ni karibu mazungumzo saba kila siku, kabla hajahoji mlezi mpya, hajaenda shuleni, hajaandika ripoti, hajafika ofisi ya serikali ya mtaa. Tena mazungumzo na mtoto hayafanyiki kwa simu ya mama huku mama amesimama pembeni. Mtu lazima aende. Kwa miji yetu na foleni zetu, jozi 50 ni nyingi mno kwa mratibu mmoja. Nadhani 30 zinawezekana.

Katika mazungumzo hayo yamo mambo ambayo mwongozo wa Marekani hauwezi kumfundisha mratibu wa kwetu. Ukimpigia mlezi ukamuuliza, "Mnaendeleaje na kijana?" atakujibu, "Salama tu, tunaendelea vizuri." Ukimuuliza mama atasema, "Tunashukuru, Mungu anasaidia." Adabu yetu ya salamu hairuhusu mtu kuanza na malalamiko, na mratibu asiyejua kulivuka hilo ataandika kwenye daftari kwamba jozi zote hazijambo hadi siku anapogundua kwamba nusu yake zimekufa zamani. Maswali yanayofaa ni yale ambayo hayajibiki kwa neno salama. Mara ya mwisho mlionana siku gani? Mlikaa wapi? Mlifanya nini hasa? Alikuuliza nini? Mtakutana lini tena?

Mtoto naye ana ugumu wake. Amelelewa asiseme ubaya wa mkubwa mbele ya wakubwa. Kama mlezi hupenda kumfokea, au huja na marafiki zake, au hushinda kwenye simu muda wote wa mkutano, mtoto hatalisema hilo akiulizwa mlezi akiwa pale, na mara nyingi hatalisema kwa mama pia, kwa kuogopa kuonekana hana shukrani. Atalisema kwa mtu aliyekwisha kumzoea, wakati wanatembea kutoka shuleni, au wakati mratibu anamsaidia kumenya viazi. Mazoea ya namna hiyo hayapatikani kwa mtu anayebadilishwa kila baada ya miezi minne.

Utafiti unaunga mkono jambo hili kutoka upande mwingine. Mwaka huohuo wa 2002 David DuBois na wenzake walikusanya tathmini 55 za mipango ya walezi na kutazama ni wapi faida ilikuwa kubwa. Kwa ujumla faida waliyoiona ilikuwa ndogo au ya kiasi, si ya miujiza. Lakini iliongezeka pale ambapo walezi waliendelea kupewa mafunzo hata baada ya kukutanishwa na watoto, palipokuwa na shughuli zilizopangwa, palipokuwa na matarajio ya wazi ya mara ngapi waonane, wazazi waliposhirikishwa, na utekelezaji ulipofuatiliwa. Pitia orodha hiyo tena. Kila kilichomo ni kazi ya mratibu.

Sasa kalenda. Hili halizungumzwi vya kutosha, na nadhani ndilo linalovunja jozi nyingi kuliko ukosefu wa moyo. Wanaojitokeza kwa wingi kujitolea mijini ni wanafunzi wa vyuo vikuu, na ni jambo la kupendeza, kwa sababu mtoto wa darasa la sita akimwona dada aliyetoka mtaa kama wake anasoma udaktari, kitu fulani kinafunguka. Lakini mwaka wa shule Tanzania unaanza Januari, mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, na ya kidato cha pili na cha nne huja Novemba. Vyuo vikuu hufungua Oktoba au Novemba na kufunga Julai. Kati ya Julai na Oktoba mwanafunzi yuko fildi, kwenye mafunzo ya vitendo, Dodoma, au karudi kwao Kigoma. Kwa hiyo mtoto anayejiandaa na mtihani mkubwa wa kwanza wa maisha yake anampoteza mlezi wiki chache kabla ya mtihani, na hakuna aliyekosea. Kalenda mbili tu hazikulinganishwa.

Angalia pia mwaka wa masomo wa huyo anayejitolea. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayejiunga Novemba ana miezi minane tu hadi amalize. Hata akiwa mwaminifu wa kupindukia hafikishi mwaka. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ana muda, ila muhula wa kwanza hajui bado uzito wa masomo yake na anaahidi kila kitu. Ningekuwa mimi napanga, ningewapokea wa mwaka wa kwanza katika muhula wa pili, kama Machi, wakiwa wameonja mitihani, wamebakiza miaka miwili na zaidi, na ningewauliza kabla ya lolote: Julai hadi Oktoba utakuwa wapi? Asiyekuwepo mjini asikataliwe, lakini mtoto aambiwe mapema, na siku ya simu ipangwe, Jumapili jioni kwa namba ya mama, na mratibu awe ndiye anayefika nyumbani miezi hiyo.

Wageni wanaokuja kwa wiki chache Arusha, Moshi au Mombasa kujitolea kwenye vituo vya kulea watoto ni sura kali zaidi ya tatizo hilohilo. Watafiti Linda Richter na Amy Norman waliandika mwaka 2010 namna watoto wadogo wanavyoumia wanapofungamana na mtu kisha kuachwa, tena na tena, na kila kundi jipya la wageni. Kenya ilisitisha mwaka 2017 usajili wa vituo vipya vya watoto, na mkakati wake wa 2022 hadi 2032 unataka watoto walelewe kwenye familia. Mtu wa wiki tatu anaweza kupaka rangi darasa au kufundisha walimu kompyuta. Asipewe mtoto.

Wapo watu wazima ambao hawahami. Mwalimu mstaafu, muuguzi wa zahanati, fundi cherehani, mwenye duka la dawa, mama anayeweka hazina ya kikoba. Wanamjua mtoto tangu akiwa mgongoni, wanajua baba yake alikwenda wapi. Hatuwapati kwa sababu matangazo yetu ya kutafuta walezi yapo mtandaoni, na fomu mara nyingi ni ya Kiingereza. Nenda kwenye kikao cha kikoba, tangaza baada ya swala ya Ijumaa na baada ya misa, ongea na mwenyekiti wa mtaa, utawakuta. Wana upungufu wao pia: baadhi wamezoea kuamrisha watoto, si kuwasikiliza, na mafunzo yao yanapaswa kukaa hapo zaidi kuliko kwenye nadharia za makuzi. Lakini mtoto mwenye mlezi wa mtaani na dada wa chuo kwa pamoja habaki peke yake Septemba.

CAMFED, shirika linalosaidia elimu ya wasichana katika nchi kadhaa za Afrika ikiwemo Tanzania, limelikabili hili kwa njia ninayoiona ya busara. Wasichana waliomaliza sekondari kwa msaada wake hurudi kuwa walezi kwenye shule za maeneo yao wenyewe. Wanajua njia, wanajua lugha ya nyumbani, wanajua ni msimu gani watoto hupelekwa shamba. Na kwa kazi hiyo ya kujitolea wanapata kitu cha maana: nafasi ya kupata cheti cha ufundishaji wa stadi na mikopo isiyo na riba ya kuanzishia biashara. Sipendi kusikia kwamba anayejitolea akipata chochote moyo wake umechafuka. Kijana asiye na kipato akipanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi kila wiki, anatoa zaidi ya muda. Nauli arudishiwe, tena kwa wakati, bila kuombaomba.

Nije kwenye fedha, kwa sababu hapa ndipo uhusiano mwingi unapokufa kimyakimya.

Mlezi anafika nyumbani kwa mara ya tatu. Mama anamkaribisha kiti, anampa chai, wanazungumza. Halafu mama anasema, kwa unyenyekevu, "Dada, mwanangu hana viatu vya shule." Mlezi ni mwanafunzi, mkopo wa chuo umechelewa, anajibu, "Nitaangalia, mama." Wiki inayofuata hana viatu na anaona haya kurudi mikono mitupu. Anatoa udhuru. Wiki ya pili tena. Baada ya mwezi amekwisha kupotea, na ukimuuliza atasema alibanwa na masomo. Mama kwa upande wake anadhani aliomba vibaya, au kwamba taasisi imempa mtoto mwingine hivyo viatu.

Mama hakukosea. Tanzania ada ilifutwa kwenye shule za serikali hadi kidato cha nne tangu 2016, na kidato cha tano na sita tangu 2022, lakini sare, madaftari, viatu na michango ya chakula bado viko mlangoni kwake. Na kwa miaka mingi mgeni aliyekuja na beji ya taasisi alikuwa mfadhili. Kwa nini huyu asiwe? Mlezi naye hakukosea. Hakuna aliyemwandaa kwa swali ambalo ni karibu lazima aulizwe.

Mratibu anaweza kulizuia hili mapema, na ni jepesi kuliko linavyoonekana. Katika kikao cha kwanza nyumbani wakae watatu, mama, mlezi na mratibu, na mratibu ndiye aseme, si mlezi: huyu hatatoa fedha wala vitu, haruhusiwi, na akikataa asieleweke kuwa ni bahili. Ukiwa na shida ya shule niambie mimi. Kisha mratibu awe na mahali pa kuipeleka hiyo shida: mfuko mdogo wa taasisi wenye utaratibu ulio wazi, afisa ustawi wa jamii wa kata, au kuulizia kama kaya inaweza kuingia kwenye Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii Tanzania. Akisema tu "niambie mimi" halafu naye akapotea, tumemhamisha mama kutoka aibu moja hadi nyingine.

Usalama wa mtoto ungestahili makala yake, lakini siwezi kuuruka. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto Tanzania uliofanyika 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Mpango unaompa mtu mzima nafasi ya kuwa na mtoto mara kwa mara, kwa baraka za taasisi, utawavutia pia watu wabaya. Barua ya serikali ya mtaa, wadhamini wawili wanaopigiwa simu kweli, cheti cha polisi, mahojiano ya ana kwa ana: hayo ni ya mwanzo, na hayatoshi, kwa sababu mtu mbaya anaweza kuwa na karatasi safi. Kinachomlinda mtoto zaidi ni kwamba kuna mtu anayefika bila taarifa, anayejua mikutano inafanyika wapi, na ambaye mtoto anaweza kumwambia. Wakutane mahali pa wazi. Ujumbe wa simu usiku usiwepo. Mlezi asibadilishe sehemu ya kukutana bila mratibu kujua. Picha za mtoto zisiende kwenye kurasa za mlezi. Na kila aliyemo kwenye mpango, mtoto akiwa wa kwanza, ajue namba 116 ya simu ya msaada kwa watoto, inayotumika Tanzania na Kenya, na ajue dawati la jinsia na watoto liko kituo gani cha polisi. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote anayejua haki ya mtoto inakiukwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Mlezi hana hiari ya kunyamaza, na inabidi aelezwe hivyo kabla ya kuanza.

Pwani tuna mfano wa karibu wa mlezi asiye mzazi: somo, yaani mwanamke anayemfunda binti akibalehe. Hakuwa mgeni aliyeletwa na orodha. Mama na ndugu walimchagua wakijua mwenendo wake, mtaa mzima ulijua yeye ni somo wa nani, na uhusiano uliendelea hata baada ya binti kuolewa na kuzaa. Sisemi kila kilichofundishwa kilikuwa chema. Nasema familia ilishiriki kuchagua, na taasisi zetu mara nyingi humwambia mzazi jina la mlezi baada ya kila kitu kuamuliwa. Mzazi akipewa nafasi ya kukutana na mtu kwanza na kusema "huyu hapana" bila kutakiwa kujieleza, taasisi itapoteza siku chache na kupata mlinzi wa kudumu ndani ya nyumba.

Kuna wanaonijibu, na hoja yao si nyepesi, kwamba ushuhuda wa watoto wenyewe unatosha: wanafurahi, wanasema wamesaidika, kwa nini kubana idadi kwa ajili ya utaratibu? Kuna kisa kinachonizuia kukubali. Huko Massachusetts, kuanzia 1939, mradi ulioanzishwa na daktari Richard Cabot uliwapa mamia ya wavulana washauri wa kuwatembelea nyumbani, masomo ya ziada, matibabu, na kambi za likizo. Kundi jingine la wavulana wanaofanana nao halikupewa chochote. Vita vilipoingia washauri wengi waliondoka, na mradi ukafungwa 1945. Miaka kama thelathini baadaye mtafiti Joan McCord aliwatafuta wanaume wale. Wengi wao, kama theluthi mbili, walisema mradi uliwasaidia. Lakini alipolinganisha rekodi, waliohudumiwa ndio waliokuwa na hali mbaya zaidi katika vipimo kadhaa, ikiwemo ulevi, maradhi makubwa ya akili na kurudia uhalifu. McCord alishuku mambo mbalimbali, na baadaye alionyesha kwamba waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja ndio walioathirika hasa, kwa kukusanywa pamoja na wenzao wenye matatizo.

Sisemi kwamba mradi ule ni picha ya mipango yetu. Washauri wake wengi walikuwa wa kulipwa, na zama zilikuwa nyingine. Nachokiona ni kwamba nia njema ilikuwepo, shukrani ilikuwepo, na madhara yalikuwepo, yote kwa wakati mmoja, na bila mtu aliyeweka kumbukumbu na kulinganisha hakuna ambaye angejua. Kumbukumbu za kwetu hazihitaji kuwa za chuo kikuu. Daftari moja linatosha: jozi ilianza lini, walionana mara ngapi kila mwezi, iliisha lini, na kwa nini. Taasisi ikiwa na daftari hilo kwa miaka mitatu itajua kuhusu walezi wake mambo ambayo hakuna mtaalamu wa nje atakayeweza kuiambia.

Kuisha nako kuna namna yake. Mlezi atahama, ataolewa, atapata kazi Mwanza. Hilo halizuiliki, na halina haja ya kufichwa. Linalozuilika ni kupotea. Mratibu akijulishwa mwezi mmoja kabla, anaweza kupanga kikao cha kuagana, mlezi akamwambia mtoto kwa kinywa chake kwamba anaondoka kwa sababu ya kazi, si kwa sababu yako, akamwambia alichojifunza kwake, na wote watatu wakakubaliana kama kutakuwa na simu au hapana. Wengi hukwepa kikao hiki kwa sababu kinauma. Mlezi kijana husema ataaga siku nyingine. Asipolazimishwa kwa upole, siku hiyo haifiki. Na ahadi ya "nitakuwa nakuja kukuona" isitolewe kabisa kama si ya kweli.

Linabaki swali la wale ambao idadi ndogo inawaacha nje. Ni swali zito, na mratibu hulibeba kila siku akiwa mlangoni mwa nyumba ambayo hana mlezi wa kuipa. Jibu langu ni kwamba mama aambiwe ukweli: hatuna mtu sasa, huenda ikachukua miezi sita, hatujui. Mtoto asiandikwe kwenye ripoti kama aliyefikiwa, na asiahidiwe mtu. Wakati huo aalikwe kwenye kundi la kusoma la Jumamosi shuleni, lenye watu wazima wawili au watatu wanaopokezana, ambako anapata msaada wa hesabu na uji bila kuambiwa kwamba yupo mtu mmoja aliye wake. Nafasi ikipatikana, mratibu asipige simu tu. Aende nyumbani aulize kama bado wanahitaji, kwa sababu miezi sita ni mirefu kwa mtoto wa miaka kumi, na huenda mama keshahamia Chanika, au shangazi keshamchukua, au mtoto mwenyewe keshampata mtu.